Mnyororo Mfupi wa Sahani: Kuzuia Trela Isichomoke Kichwani

Trela ya semi inashikwa na kigingi kimoja tu cha chuma. Kigingi hicho, kingipini, kimesimama wima chini ya pua ya trela, na kwenye trela nyingi shingo yake ina kipenyo cha milimita 50.8; zile za mizigo mizito ya pekee hutumia kingipini nene zaidi, ya karibu milimita 90. Kichwa cha lori kinaporudi nyuma, kingipini huteleza kwenye mfereji wa sahani iliyolazwa juu ya chasisi, mataya huikumbatia shingo yake, na komeo hujisukuma nyuma ya mataya ili yasiachie. Sahani hubeba uzito wa pua ya trela, lakini mvuto wote wa safari, kupanda, kushuka na kufunga breki, hupita kwenye kigingi hicho. Sheria ya uzito wa magari ya Jumuiya ya Afrika Mashariki inaruhusu gari na mzigo wake kufikia tani 56, na sehemu kubwa ya tani hizo iko nyuma ya kingipini.

Chuma chenyewe ni madhubuti. Trela inapochomoka, mara nyingi hakuna kilichokatika: komeo halikufunga tangu mwanzo, au lilifungwa kisha likafunguliwa bila dereva kujua. Ndiyo maana kifaa kidogo cha kutengeneza gereji, kisichogharimu zaidi ya kipande cha mnyororo na kufuli, kinaweza kuzuia sehemu kubwa ya ajali za aina hii. Kinachotakiwa ni kukitengeneza kwa akili, na kujua pia kisichoweza kufanya.

Trela iliyochomoka mwendoni haibaki wima. Miguu yake imeshakunjwa, kwa hiyo pua huangukia mwisho wa chasisi ya kichwa na matairi ya nyuma, kisha lami. Mipira ya upepo na waya wa taa hunyooka hadi kukatika. Mpira mwekundu ukikatika, upepo wa trela hushuka na breki zake hukaza zenyewe, huku vali iliyo kwenye kichwa ikizuia upepo wa kichwa usiishe pia. Hayo yote yanategemea breki ziwe nzima. Kuna trela zinazotembea huku bolti za vyumba vya breki zikiwa zimekazwa na fundi ili springi zisikamate, kwa sababu upepo ulikuwa unavuja na safari haikusubiri; trela kama hiyo ikichomoka kwenye mteremko hakuna wa kuisimamisha. Hata breki zikifanya kazi, mahali itakaposimama hapachaguliwi. Kwenye mlima Kitonga, mkoani Iringa, ambako malori yaendayo Tunduma na Zambia hupanda kona baada ya kona ubavuni mwa mlima, trela moja iliyolala pua chini inatosha kufunga njia.

Chanzo cha kwanza ni pua ya trela kuwa juu kuliko inavyotakiwa wakati wa kuunganisha. Kwa kawaida bamba lililo chini ya pua ya trela linapaswa kuwa chini kidogo kuliko uso wa sahani, ili kichwa kikiingia kiinyanyue trela kidogo na uzito ukae juu ya sahani kabla kingipini haijafika kwenye mataya. Trela ikiwa imeachwa juu ya miguu iliyorefushwa mno, au kichwa kimesimama kwenye udongo uliobonyea huku trela iko kwenye zege, kingipini hupita juu ya mataya badala ya kuingia ndani yake. Mataya hujifunga chini yake, mlio wa chuma husikika, utingo hupiga kofi ubavuni mwa kabini kuashiria kuwa kazi imekwisha. Mlio huo hauthibitishi chochote zaidi ya kwamba springi imefanya kazi. Trela ya namna hii huvutika vizuri tu mpaka ikutane na tuta, kona ya kwanza, au geti la bandari.

Chanzo cha pili ni uchafu. Grisi ya zamani ikichanganyika na vumbi la barabara za changarawe hugeuka kuwa tope gumu linaloyazuia mataya yasifunge hadi mwisho. Mpini wa kufungulia unaonekana umerudi, lakini umebakiza sentimita moja au mbili. Dereva aliyezoea kuona mpini "ndani" hatambui tofauti hiyo, hasa usiku.

Chanzo cha tatu ni mkono wa mtu, na si lazima uwe mkono wa adui. Dereva huvuta mpini akitarajia kuiacha trela, anaitwa ofisini kusaini karatasi, anarudi na agizo jipya kwamba mzigo unaendelea mbele. Kwa aina nyingi za sahani, mpini ukishavutwa hubaki nje ukiwa umeshikiliwa, na mataya husubiri tu kichwa kisogee ndipo yaachie. Kwa macho ya mtu aliye kwenye usukani kila kitu kiko mahali pake. Kuna pia mikono isiyo na nia njema: kwenye maegesho ya usiku, na kwenye foleni ndefu za Tunduma, Malaba au Rusumo, mpini unafikiwa na mtu yeyote anayeinama kati ya kichwa na trela, na kuuvuta hakuhitaji ufunguo wala ujuzi.

Kuchakaa ni chanzo cha nne, nacho huja polepole kikijitangaza: mgongo wa dereva huhisi pigo dogo kila anapofunga breki au kuondoka, kwa sababu kingipini inacheza ndani ya mataya.

Kifaa kinachozungumziwa hapa kinashughulika na chanzo cha pili na cha tatu. Ni mnyororo mfupi unaounganisha mwisho wa mpini wa kufungulia na sehemu ya sahani isiyosogea, kwa urefu uliopimwa ili ufike pale tu mpini unapokuwa umerudi ndani kabisa. Mpini ukiwa nje, hata kwa sentimita mbili, ndoano ya mnyororo haifiki kwenye tundu lake. Mnyororo ukishafungwa, mpini hauvutiki. Kwa hiyo kipande kimoja kinafanya kazi mbili: kinakataa kufungwa komeo likiwa halijafika mwisho, na kinakataa mtu mwingine asilifungue baadaye. Kazi ya kwanza ndiyo yenye thamani kubwa zaidi, na ndiyo inayosahauliwa na wengi wanaopitisha kipande chochote cha waya kwenye mpini na kuridhika. Waya mrefu unafungika komeo likiwa limefunga au halijafunga. Hauna taarifa yoyote unayompa dereva.

Kabla ya kutengeneza chochote, sahani ichunguzwe kama ilikuja na kinga yake kutoka kiwandani. Sahani nyingi za Ulaya hutoka zikiwa na ndoano ndogo ya springi kwa ajili hiyo hiyo, ya kunasishwa kwenye tundu la mpini baada ya kuunganisha. Ndoano hiyo hukatika au huibwa mapema, na gari likiuzwa mara mbili tatu hakuna anayekumbuka kwamba iliwahi kuwapo. Tundu lake likionekana, kazi ni nyepesi: irudishwe ndoano ya ukubwa ule ule, na mnyororo wa kubuni hauhitajiki.

Isipokuwapo, mahali pa kufungia panachaguliwa kwa masharti matatu. Kwanza, pawe kwenye sahani yenyewe, si kwenye chasisi. Sahani hucheza mbele na nyuma kadiri barabara inavyoinuka na kushuka. Mnyororo uliofungwa kwenye chasisi utauvuta mpini kila sahani inapoinama, na kifaa cha kuzuia komeo lisifunguke kitakuwa ndicho kinacholifungua. Pili, mnyororo ulale kwa kufuata mwelekeo ambao mpini unavutwa. Ukifungwa kwa kukata upande, mpini unaweza kutoka sentimita kadhaa huku umbali kati ya tundu na tundu ukibadilika kidogo sana, na kipimo chote kinapoteza maana. Tatu, pawe mbali na mataya, springi na matundu ya kutilia grisi.

Matundu yaliyopo tayari kwenye ukingo wa sahani au kwenye kishikilia mpini ndiyo bora. Pasipokuwa na tundu, hutumika kibano: vipande viwili vya chuma bapa cha milimita 6, vikikazwa kwa bolti mbili za milimita 10 kwenye ubavu ulio chini ya sahani, na nati za kujifunga zisizolegea kwa mtikisiko. Kutoboa sahani au kuchomelea pete juu yake ni marufuku ya kweli, si tahadhari ya vitabuni. Sahani nyingi ni za chuma cha kusubu. Joto la weldingi huacha sehemu ngumu kando ya mshono, na ufa huanzia hapo. Fundi mzuri wa kuchomelea atakataa kazi hiyo bila kushawishiwa. Vivyo hivyo kwa mpini: usikatwe, usipindwe kwa moto, usiongezwe urefu kwa bomba.

Mnyororo wa unene wa milimita 6 unatosha. Hautakiwi kubeba trela; unazuia mkono wa mtu na mtikisiko tu. Upande mmoja unafungwa moja kwa moja kwenye kibano kwa pingu ya chuma, ili usipotee. Upande wa pili una ndoano ya springi inayoingia kwenye tundu la mpini. Mipini mingi ina tundu au jicho mwishoni. Ikikosa, pingu yenye kibano kidogo inaweza kukazwa nyuma ya kikunjo cha mpini, mahali isipoweza kuteleza.

Kupima kunafanyika mara moja, na kufanywe bila haraka. Gari liwe kwenye ardhi tambarare, trela imeunganishwa, na mtu aliyeingia chini na tochi awe amethibitisha kwa macho kwamba mataya yameishika shingo ya kingipini. Mpini usukumwe ndani hadi mwisho. Hapo ndipo umbali unapimwa, na mnyororo unakatwa ili ulegee kwa chini ya sentimita moja. Pete ya mnyororo ikiwa ndefu mno kwa marekebisho madogo kiasi hicho, pingu hubadilishwa kwa kubwa au ndogo mpaka kipimo kikae.

Majaribio yake ni kinyume cha kipimo. Kichwa kikiwa peke yake, bila trela, mataya wazi na mpini nje, ndoano ijaribiwe: isifike. Kisha mpini uachwe nusu, ukizuiliwa na kabari ya mti, ndoano ijaribiwe tena: isifike pia. Ikifika, mnyororo ni mrefu na hauna faida. Upunguzwe pete moja na jaribio lirudiwe. Wakati wa majaribio haya vidole visiingie kwenye mfereji wa sahani kwa sababu yoyote, kwa kuwa springi ya mataya hufunga ghafla kuliko mtu anavyoweza kutoa mkono.

Yaliyobaki ni ya kupendezesha, ingawa hayadharauliki. Mpira wa ndani wa baiskeli ukivikwa mnyororo huzuia kelele na msuguano. Rangi ya njano au utepe unaoakisi mwanga humwezesha dereva kuuona kwa tochi akiwa amesimama pembeni. Kufuli dogo hupitishwa kwenye ndoano gari linapoegeshwa usiku au kwenye foleni, na ufunguo wake ukae kwenye pete moja na ufunguo wa gari. Kufuli la bei rahisi hujaa vumbi likagoma kufunguka baada ya wiki chache. Tone la mafuta na kifuniko cha mpira juu ya tundu la ufunguo huliongezea maisha.

Mnyororo huu una upofu wake, na asiyeujua atadhurika kuliko asiye na mnyororo kabisa. Chanzo cha kwanza kilichotajwa, kingipini kupita juu ya mataya, hauwezi kukigundua. Kwenye aina kadhaa za sahani mataya yaliyofunga bila kushika kitu huruhusu mpini urudi ndani kabisa, na ndoano itaingia kwenye tundu lake kwa utulivu wote. Kwa hiyo kuangalia kwa macho hakufutwi. Dereva au utingo aingie chini ya trela nyuma ya sahani, aelekeze tochi kwenye mfereji, na aone mambo mawili: mataya yamezunguka shingo ya kingipini, si kichwa chake cha chini, na hakuna pengo la mwanga kati ya sahani na bamba la trela. Pengo likionekana, kuunganisha kurudiwe tangu mwanzo, hata kama foleni nyuma inapiga honi.

Wapo wanaoona dawa ni kubwa zaidi: kuifunga trela yenyewe kwenye chasisi kwa minyororo minene, kama inavyofanywa kwa trela za kuburutwa kwa mkono wa chuma. Kwa semi wazo hili lina kasoro isiyotibika. Ili gari lipinde kona, minyororo hiyo lazima ilegee sana. Ikilegea kiasi hicho, trela itakuwa imeshaanguka kabla haijakazika, na itakapokazika itakivuta kichwa kilichokwisha kuyumba. Katika siku za kawaida mnyororo uliolegea hunaswa na matairi. Nguvu za kushika trela ziachiwe kingipini na mataya. Kifaa cha nyumbani kilinde komeo tu.

Sheria za Marekani za magari ya biashara zinafuata mantiki hiyo hiyo: makomeo ya sahani yanayotenganishwa kwa urahisi lazima yajifunge yenyewe wakati wa kuunganisha, na yasiachie mpaka mtu ayafungue kwa makusudi kwa mkono. Maana yake ni kwamba mpini ndio mlango pekee, na mlango huo ndio wa kuwekewa ulinzi. Huko pia sahani ndogo za aina hii hufungwa ndani ya bodi za pikapu kwa ajili ya kuvuta nyumba za kusafiria, nazo huongezewa swichi yenye kamba: trela ikichomoka, kamba inang'oa pini na betri inakaza breki za umeme. Kamba hiyo hufungwa kwenye gari, si kwenye sahani, kwa sababu sahani iking'oka pamoja na trela kamba haitavutika.

Gereji inayotengeneza mnyororo inaweza kutengeneza vifaa vingine viwili kwa mabaki ya siku hiyo. Kimoja ni kipimo cha kingipini: bati la milimita 4 lenye mkato wa upana wa milimita 49, uliochongwa na fundi wa lathe na si kwa mashine ya kukatia ya mkononi, kwa maana nusu milimita hapa ina uzito. Kipimo hiki ni cha kingipini ya milimita 50.8 peke yake. Huingizwa kutoka ubavuni, kwa kuwa kingipini huliwa zaidi mbele na nyuma. Mkato ukipita shingoni, kingipini imekwisha na ibadilishwe. Kuijaza kwa weldingi na kuichonga upya ni kuficha ugonjwa. Kingine ni fimbo ya mti yenye alama ya urefu sahihi wa bamba la trela kutoka ardhini, iliyopimwa kwa kichwa husika. Fimbo ikisimamishwa chini ya pua kabla ya kurudi nyuma, inaonyesha kwa sekunde chache kama miguu inahitaji kufupishwa, na hapo chanzo cha kwanza kinazuiwa kabla hakijatokea.

Mpangilio wa kazi nzima unakuwa hivi. Fimbo inapima urefu wa pua. Kichwa kinarudi taratibu, kwa mstari ulionyooka, hadi mataya yafunge. Mipira ya upepo inaunganishwa, breki za trela zinafungwa, na kichwa kinavutwa mbele kwa gia ndogo mara mbili bila kukanyaga sana mafuta. Tochi inaingia chini. Ndoano ya mnyororo inanasishwa, na ikiwa haifiki hakuna kuulazimisha mpini kwa nyundo: mataya yasafishwe, grisi ngumu itolewe, na kuunganisha kurudiwe. Miguu ya trela inakunjwa mwisho kabisa, baada ya mnyororo kukubali. Wanaoanza na miguu ili kuokoa dakika mbili wanaondoa kitu pekee ambacho kingeishikilia trela kama komeo limekosea.

Mnyororo hutazamwa tena kila gari linapoachwa bila mtu: baada ya mizani, baada ya forodha, baada ya chakula. Dereva akirudi na kukuta ndoano imetoka, kufuli limekatwa au mnyororo haupo, asiridhike kwa kusukuma mpini ndani na kuendelea. Mpini uliovutwa huenda ulikwishaachia komeo, na kuurudisha kwa mkono si lazima kulirudishe komeo mahali pake. Miguu ya trela ishushwe hadi iguse ardhi, breki za trela zifungwe, tochi ipelekwe chini, na mvuto wa mara mbili urudiwe kama vile trela inaunganishwa kwa mara ya kwanza. Mipira ya upepo, taa na makufuli ya kontena yakaguliwe wakati huo huo, kwa sababu aliyeugusa mpini huenda hakuishia hapo.